Kidole Gumba cha Baharia Mugisho

Siku yangu ya kwanza kazini nilipigwa kofi kwa sababu ya raba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka shule na mwandiko mzuri na kiburi kinachotoshana nao, na Shefu wa Bandari ya Bukavu alinipa ukurasa mmoja wa rejista niunakili. Nikakosea jina moja. Nikatoa raba mfukoni, nikafuta, nikainama kupuliza vumbi lake kama tulivyozoea darasani. Kofi lilifika kabla sijamaliza kupuliza.

"Mu rejista hatufutake kitu, petit," Shefu alisema, wala hakupandisha sauti. "Unapiga mustari moja, moja tu, ile kosa ibakie inasomeka. Ya kweli unaiandika pembeni. Chini unatia sinyatire yako. Mutu akikuya kisha miaka makumi tano, aone byote bibili, na aone nani alikoseaka."

Sinyatire ni sahihi, na petit ni mdogo kwa Kifaransa, kwa ninyi mliosoma Kiswahili cha pwani. Nilishika shavu langu nikaapa moyoni kwamba sitakosea tena maishani. Kijana wa miaka kumi na tisa huapa mambo mengi.

Ninaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaofanya kazi bandarini Kamembe leo. Mnagusa kioo cha simu, jina la mtu linatokea, mnadhani ilikuwa hivyo tangu Adamu. Mmeniuliza mara nyingi, mkipita hapa kwangu Gihundwe, sisi tulikuwa tunafanyaje. Nitawaambia. Nitawaambia pia jambo moja ambalo hamkuniuliza.

Wazazi wangu walikuwa Wanyarwanda waliohamia Bukavu, upande wa Kongo, nikiwa bado mgongoni, ndiyo maana kazi niliianzia ng'ambo ile. Kampuni yetu ilikuwa na meli za chuma za ziwani zilizokwenda Kamembe, Kibuye, Kalehe na Goma, zikibeba saruji, mbao, bia na watu. Mimi nilikuwa karani wa mabaharia. Mizigo ilikuwa na makarani wake, watu wa kelele na jasho. Mimi nilishughulika na binadamu tu, na vitu vyangu vilikuwa vitatu.

Cha kwanza ni kitabu cha baharia. Kilikuwa kidogo, jalada la kitambaa cha bluu, ndani jina la mtu, kijiji chake, meli alizofanyia kazi, na muhuri wa kila mwaka. Picha ilikuwemo, lakini unyevu wa ziwa uliila ndani ya miezi, ikabaki doa la kahawia ambalo lingeweza kuwa mtu yeyote, hata askofu. Cha pili ni roli, yaani karatasi ya safari moja yenye majina ya wote wanaopanda meli kufanya kazi. Roli iliandikwa mara mbili. Nakala moja ilibaki ofisini, nyingine ilisafiri na meli ikaachwa bandari ya kwanza, ambayo kwetu ilikuwa Kamembe, hapo ng'ambo tu. Cha tatu ni rejista kubwa, nzito kama mtoto wa miaka miwili, ambamo maisha yote ya baharia yalikuwa na safu zake: ameanza, amepanda cheo, ameugua, ameacha, amefariki.

Wengi wao hawakujua kuandika, kwa hiyo roli waliitia kidole gumba. Hapo ndipo ufundi wangu ulipokuwa. Kidole cha mtu hukibani kama unaua kiroboto. Unakilaza kwenye wino, unakiviringisha taratibu kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, kisha unakinyanyua wima. Ukikiburuta umepata doa, na doa halina mwenyewe. Nilikuwa bingwa wa kazi hiyo, na nikisema hivyo sijisifu sana. Alama zangu zilitoka safi kiasi kwamba Mkaguzi kutoka makao makuu, mzee mmoja aliyevaa glovu nyeupe ili atupime vumbi, alizitazama kwa lenzi yake akasema, "Karani huyu angefaa polisi." Nililala vizuri wiki nzima.

Sasa nieleze desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Sheria ilisema baharia asipoitika apeli tatu, yaani kuitwa majina kwa siku tatu, anapoteza nafasi yake. Lakini mtu huugua. Mtu hufiwa kijijini, mvua ikakata barabara. Kwa hiyo ndugu yake, au shemeji yake, alichukua kitabu chake, akaitika jina lake, akapanda meli akafanya kazi yake mpaka mwenyewe arudi. Wenyewe waliita kuvaa kitabu. Wote tulijua, na Shefu alijua kuliko sote. Sisi tulitazama muhuri, hatukutazama sura. Ukiniuliza kama ilikuwa udanganyifu, nitakujibu kwamba ilikuwa hivyo, na iliokoa nyumba nyingi. Sijaona sheria iliyomsaidia mtu mwenye homa kama shemeji mwema.

Katika mabaharia wa meli iitwayo Tujenge kulikuwa na mtu wa Kabare, Mugisho, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kidole chake gumba cha kulia kilikatwa zamani na amari, ile kamba nene ya kufungia meli gatini, na kovu lilipita katikati kutoka kona hadi kona. Kwenye karatasi lilitoka kama mstari mweupe. Siku moja nilimtania kwamba kidole chake kina barabara.

"Ni barabara ya kwenda kwa bibi yangu, Karani," alinijibu. "Usiifunge."

Bibi kwa Kiswahili cha kwetu ni mke. Wenzake walicheka wakapiga magoti yao. Huyo mkewe sikuwahi kumwona, ila kaka yake huyo mke nilimfahamu, kwa kuwa naye alikuwa baharia wetu, kwenye meli ya Mwangaza. Aliitwa Birindwa, mtu mkimya, ambaye ukimsalimia anatikisa kichwa tu.

Mwaka wangu wa pili, Tujenge ilipandishwa nchi kavu ili ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi. Mabaharia wake waliambiwa wakae nyumbani mpaka waitwe. Jumatatu moja asubuhi, wakati huo, Mwangaza ilikuwa inaondoka, na meli nyingine mbili zilikuwa zinaondoka pamoja nayo. Watu walipanga mstari mbele ya meza yangu mpaka nje. Nikaita majina. Nilipoita Birindwa, sauti ilijibu, "Niko." Kitabu kikafunguliwa mbele yangu, nikaona muhuri, nikashika kidole, nikakiviringisha nakala ya kwanza, nikakiviringisha nakala ya pili. Nikaita mwingine. Sikuinua macho.

Upepo wa kusini uliwakuta wanaingia Kamembe. Meli ilikuwa inapigwa na mawimbi, ikikaribia gati na kurudishwa, na baharia mmoja akaruka na amari mkononi ili aifunge. Hakufika. Walimtafuta mpaka jioni, kisha Kapitani akaendelea na safari ya Goma, kwa sababu saruji ikilowa ni mawe. Siku ya tatu wavuvi walimwona. Agenti wa Kamembe, yaani mtu wa kampuni upande ule, alikuta ndani ya shati lake kitabu kilichofungwa kwenye nailoni, kikavu kabisa. Sura haikutazamika tena. Alisoma jina kwenye kitabu, akamzika mlimani juu ya gati, akaweka msalaba wa saruji: BIRINDWA, BAHARIA. Barua ilinifikia, nikajaza safu ya mwisho kwa mwandiko wangu mzuri: amefariki ziwani, kazini.

Wiki hiyohiyo Tujenge ilirudishwa majini, na mabaharia wake wakaitwa. Mugisho hakuitika. Kesho yake hakuitika. Siku ya tatu Shefu aliweka rejista kubwa mbele yangu.

"Andika mutoro."

"Shefu," nikasema, "labda alivaa kitabu ya mutu."

Alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alikuwa na watu mia wa kuwatunza na wakubwa wa kuwaogopa.

"Unioneshe safu ya labda," akasema. "Iko wapi? Iko ameanza, iko ameugua, iko amekufa. Labda siioni. Na tena, petit, kama alivaa kitabu, nani alimutiaka kidole?"

Swali hilo lilifunga mdomo wangu kwa miaka hamsini. Nikaandika: mtoro. Barua niliyoiandika mimi ikaenda kwa mkewe yenye neno hilohilo.

Je, nilijua? Nimejiuliza mara nyingi nikinyoa ndevu. Nilijua nusu. Kidole kile nilikuwa nimekishika mara ishirini au thelathini, na mkono una kumbukumbu zake hata macho yakiwa kwingine. Ningeweza kufungua jalada la roli nikahakikisha kwa dakika moja. Sikulifungua, kwa sababu nusu iliyobaki ilikuwa inanilinda. Nilikuwa na kazi, nilikuwa na mchumba, na nilikuwa na mwandiko mzuri.

Baada ya hapo nilipelekwa Kalehe, kwenye kituo kidogo chenye meza moja na mbuzi wa Shefu wa Kituo waliolala chini yake. Mbuzi mmoja alikula roli ya safari nzima, na yule Shefu akanitaka niandike ripoti bila kutaja mbuzi. Nikaandika "upotevu wa karatasi kwa sababu za asili." Kutoka Kalehe nilikwenda Goma kwa miaka tisa, chini ya Kapitani wa Bandari aliyepanga mabaharia kwa urefu kama kwaya na kuwakagua kucha. Nilioa, nikapata watoto, nikapandishwa cheo. Kisha tukarudi Rwanda, kwetu ambako nilikuwa nakujua kwa hadithi za mama tu, nami nikaajiriwa bandarini hapa Kamembe, kwa sababu walihitaji mtu anayezijua karatasi za zamani.

Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa ghala. Nilikuta nakala za roli zote zilizowahi kuachwa na meli za ng'ambo, zimetupwa kwenye makreti ya bia. Nilizipanga mwaka kwa mwaka, nikazifunga kwa kamba ya katani, nikatundika juu vitambulisho. Nilinyunyiza majivu dhidi ya mchwa. Miaka yote niliyokuwa pale mchwa hakula hata ncha ya karatasi, na jambo hilo nimelisema kwa kila mgeni aliyeketi sebuleni kwangu. Mke wangu analijua kwa moyo.

Njia ya kutoka ofisini kwenda nyumbani ilipita kando ya yale makaburi ya mlimani. Msalaba wa Birindwa ulikuwa wa tatu kutoka barabarani. Mtu fulani alikuwa anautunza, maana nyasi zilikuwa zimeng'olewa na kila mwaka kulikuwa na maua mapya. Mimi nilijizoesha kutazama upande wa ziwa.

Nilistaafu kwa saa ya ukutani na hotuba. Sasa nakaa hapa Gihundwe. Asubuhi natazama watoto wakienda shule na wauguzi wakishuka kwenye moto, yaani pikipiki za abiria, kuingia hospitali, na watu wananiletea karatasi zao. Familia zilizorudi kutoka Kongo zinatafuta cheti cha baba, barua ya babu, jina la ukoo kwenye kitabu cha kodi. Wananiita Papa Karani. Nilidhani uzee wangu utakwisha hivyo, kwa chai na miwani.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu mwenyewe alibisha hodi Jumanne moja, akiwa na mfuko wa vitenge begani. Alikuwa mama wa kama miaka arobaini, mfanyabiashara wa Bukavu anayevuka daraja la mpakani karibu kila siku. Alijitambulisha kuwa Maman Nabintu. Akaketi, akakataa chai mara ya kwanza kama inavyotakiwa, akaikubali mara ya pili, kisha akatoa kwenye pochi barua iliyokunjwa mpaka mikunjo ikawa matundu. Sikuhitaji miwani. Mwandiko wa mtu unamwita kama jina lake.

"Papa Karani, bananiambia weye unajua makaratasi ya mabato ya zamani," alisema. "Natafuta koko yangu mwanaume, Mugisho. Alikuwaka baharia. Hapa banaandika eti alitoroka. Sisi tunataka kujua alitorokeaka wapi. Kama alioa Kibuye, kama alizala kule, tujue. Kama alikufa, tujue fasi gani."

Mabato ni meli, fasi ni mahali, na koko ni babu, au bibi mzaa mzazi. Nilimuuliza kwa nini sasa.

"Kwa sababu koko yangu mwanamuke angali muzima, lakini haiko na siku mingi. Ku kanisa bamama bajane bako na benchi yabo ya mbele. Yee anaikalaka nyuma, miaka yote, juu bwana yake haiko mufu, ni mutoro. Hakufanyaka matanga. Hakuolewaka tena. Sasa ananiambia: Nabintu, nisizikwe na jina ya bibi ya mutoro. Njo kile anaomba tu."

Nilikoroga chai isiyo na sukari. Yeye aliendelea kunihadithia, kwa kuwa alimwona mzee anayesikiliza. Alisema koko alipata pigo mara mbili wiki moja, kwani kaka yake Birindwa naye alizama ziwani siku zilezile, na kaburi lake liko hapa Kamembe. Kila mwaka koko anavuka kuja kulisafisha. Akacheka kidogo. "Tena kulikuyaka mulevi moja, kisha miaka mitatu ine, kutoka mashimo ya zahabu ya Mwenga. Anasema aliona Birindwa kule, muzima, anachimba. Bakamufukuza na mafimbo."

Hapo nusu yangu ya pili ilitimia. Birindwa alikuwa amekwenda kujaribu dhahabu kwa siri, asirudi tena, na nyumbani wote walidhani yuko ziwani. Shemeji yake, aliyekuwa hana kazi wakati meli yake iko nchi kavu, alivaa kitabu chake bila kumwambia hata mkewe, ili Birindwa asipoteze nafasi. Mabaharia wa Mwangaza bila shaka walijua, lakini nao waliogopa kupoteza kazi kama mimi. Mugisho hakumtoroka mtu yeyote. Alikufa akimfanyia shemeji yake wema.

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Mwanangu, makaratasi ya zamani hayo, sijui, nadhani mchwa waliyala."

Kutoka jikoni mke wangu, Maman Esperance, aliuliza kwa sauti kubwa, "Mchwa gani, Papa? Si ulituambia wa Kamembe hawakugusa hata karatasi moja?"

Mungu amrehemu aliyeoa mwanamke mwenye masikio.

Kesho yake tulikwenda bandarini. Shefu wa Bandari wa sasa ni mwanamke kijana aliyekuwa mwanafunzi wa mazoezi nilipokuwa nikistaafu, na alitupa ufunguo wa ghala bila maswali. Vitambulisho vilikuwa pale vile nilivyoviandika. Nilichukua jalada la mwaka ule, nikakata kamba. Kwanza nilimwonyesha Maman Nabintu roli za Tujenge. Kwenye mstari wa Mugisho, kila safari, kidole chenye njia nyeupe katikati. Kisha nikamwonyesha roli za zamani za Mwangaza. Kidole cha Birindwa kilikuwa kizima, mviringo juu ya mviringo, hakina kovu. Mwishoni nikachomoa roli ya ile Jumatatu.

Alama ilikuwa safi. Niliiviringisha vizuri sana siku ile. Mstari ulisema Birindwa, na kidole kilikuwa na barabara.

Maman Nabintu aliinama mpaka pumzi yake ikagusa karatasi. Alitazama huku, akatazama kule. Hakuwa amesoma sana, lakini kidole hakihitaji shule.

"Njo yeye," alisema. "Papa, njo yeye anafia ku jina ya Birindwa!" Alishika kichwa. Kisha, kwa kuwa mfanyabiashara haachi kuuliza, akaniuliza, "Nani aliandikaka ile 'mutoro'?"

Ningeweza kusema Shefu. Shefu alikwisha kufa, asingenikanusha. Nilichukua kalamu, nikaandika neno mtoro pembeni mwa gazeti nililokuwa nalo, nikalisogeza karibu na ile barua yake. Alitazama maneno mawili yaliyofanana kama mapacha.

Nje walikuwa wanashusha mifuko ya unga, na tuliwasikia wakihesabu.

"Koko yangu alichekwaka miaka makumi tano juu ya hii neno yako," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua nusu, mwanangu. Nusu nyingine niliogopa kuitafuta."

Alikunja barua yake taratibu akairudisha kwenye pochi. "Basi utamuambia weye mwenyewe. Miye sitabeba hii. Jumamosi nitamuleta pale ku kaburi."

Siku zile tatu nilikonda. Niliandaa maneno ya Kifaransa, nikayaacha. Nikaandaa ya Kiswahili, nikayasahau. Maman Esperance alinipigia pasi shati jeupe nililostaafia, akasema kitu kimoja tu: "Usijieleze sana. Mwambie."

Koko alifika kwa taksi, mdogo, amejifunga vitenge viwili, amemshika mjukuu wake mkono. Sikuwa nimewahi kumwona, na hata hivyo miguu yangu ilitaka kukimbia. Hakunisalimu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye msalaba wa tatu, akachuchumaa kwa shida, akaanza kung'oa nyasi na kupangusa saruji kwa ncha ya kitenge, kama mtu anavyopangusa uso wa mtoto. Nilisubiri. Alipomaliza alinitazama.

"Njo weye Karani? Nabintu anasema uko na neno."

Nikamwambia. Nilianza na kidole, nikaenda kwenye kitabu kilichovaliwa, nikafika kwenye jina lililosomwa na Agenti. Nikamwambia kwamba mumewe hakutoroka hata siku moja. Kisha nikamwambia nani alimtia kidole, nani aliandika neno, na nani alinyamaza. Sikujieleza sana.

Hakulia. Aliutazama msalaba, akaweka kiganja juu yake.

"Ngoja," alisema. "Ngoja kwanza. Miaka yote nilikuwa nakuya hapa, naikala, nasemesha ndugu yangu. Namuambia: Birindwa, kule uko, ukimuonaka ule Mugisho, umuambie asinirudilie. Umuambie batoto bake balilalaka njala. Umuambie sura yake mbaya. Miaka makumi tano, Karani, namutukana hapa, kila mwaka!" Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwanza sikujua ni kilio au kicheko. Vilikuwa vyote viwili. "Kumbe ni yee mwenyewe alikuwa anasikia!"

Akalala juu ya saruji ile akamlilia mumewe kwa jina lake, kwa sauti, kwa Kimashi, lugha ya kwao, kama mjane wa jana. Maman Nabintu alipiga magoti karibu naye. Mimi nilibaki nimesimama na kofia mkononi, na machozi yangu sikuyapangusa, kwa kuwa sikuona kwamba yananihusu mimi peke yangu.

Alipotulia, mjukuu wake alisema watanunua msalaba mpya. Koko akakataa.

"Na ndugu yangu? Mukiondosha hii, yee atabakia wapi? Mumoja tulimulilia, hana kaburi. Mwingine iko na kaburi, hatukumulilia. Baikale hapa bote bawili." Akanigeukia. "Karani, mu bitabu byenu, kosa munaitengenezaka namna gani?"

Nilimweleza, kwa maneno ya yule Shefu wangu, neno kwa neno. Alitikisa kichwa kukubali. "Basi tengeneza."

Nilirudi Jumatatu na rangi nyeusi na brashi ndogo. Mkono wangu umezeeka, lakini mstari ulinyooka. Niliupitisha juu ya BIRINDWA, mmoja tu, jina likabaki linasomeka. Pembeni nikaandika MUGISHO, MUME WA MKE MMOJA, kama koko alivyoagiza. Matanga yalifanyika Bukavu mwezi huohuo. Nilialikwa, nikaenda, nikapewa kiti cha nyuma, na nilistahili. Maman Nabintu bado hanywi chai kwangu, lakini akipita na vitenge vyake ananisalimu. Koko, wameniambia, sasa anakaa benchi la mbele, na anawasumbua wajane wenzake kwa kuimba kwa sauti kubwa mno.

Nilifanya kazi miaka arobaini na moja, nikajaza rejista ambazo hata sizikumbuki zote. Mtu akistaafu hujiuliza kipi hasa alikiacha. Vijana, andikeni vizuri, lakini inueni macho mtazame sura. Na mkikosea, msingoje mjukuu abishe hodi. Mimi nilingoja. Kwa hiyo mkipanda mlima ule juu ya gati, msalaba wa tatu kutoka barabarani, mtaona majina mawili, moja limepigwa mstari. Na mkitaka kujua nani alikosea, inameni kidogo: sahihi yangu iko chini.